Siti binti Saad na kaniki ya Fumba

Wengi wetu tulioko ughaibuni tunamjua Siti binti Saad kwa sauti yake tu, ile ya santuri zilizochakaa. Leo nataka kumzungumza kwa upande wa nguo, maana ni nguo waliyomtukania.

Alizaliwa Fumba, Unguja, kiasi cha mwaka 1880, wakati utumwa ulikuwa ungalipo. Wazazi wake walitoka katika tabaka hilo, na yeye mwenyewe alipewa jina la Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, ni jina la baadaye. Alikulia kwenye ufinyanzi, akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti.

Zama hizo nguo ilikuwa kama cheti. Mtumwa alijulikana kwa merikani au kaniki, kitambaa cha pamba kilichokolezwa nili mpaka kikawa cheusi, rahisi kwa bei na kisichoonyesha uchafu. Viatu na kujitanda kichwa yalikuwa mambo ya waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake walioachwa huru wakaikimbilia kanga, na baadaye buibui. Wanaosema kanga ni pambo la harusi tu hawajui ilibeba nini.

Mwaka 1911 Siti akahamia mjini. Taarab ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu; yeye akaiimba kwa Kiswahili, na akafika hadi kuimba mbele ya Sultani. Hapo wivu ukazuka. Akatungiwa wimbo wa kumkejeli, ukiuliza amekuwa mtu tangu lini, naye katoka shamba na kaniki yake, na lau si sauti angepata wapi chakula. Nguo ile alikuwa keshaivua zamani, lakini wenzake walitaka aendelee kuivaa. (Sisi Wazanzibari tuna kumbukumbu ndefu kwa mambo ya asili ya mtu, hata tukiwa ughaibuni.)

Hakukana kaniki wala hakujitafutia nasaba ya kubuni. Alijibu kwa wimbo pia: uzuri na ukoo si hoja, hasara ni kukosa akili.

Mwaka 1928 alipanda meli na kundi lake kwenda Bombay kurekodi, zikiwa miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za Kiswahili. Zilipofika Unguja, zilipigwa Ng'ambo kwa waliotoka kwenye kaniki, na zilipigwa pia kwenye majumba ya mawe. Siti alifariki mwaka 1950, na maisha yake yakaandikwa na Shaaban Robert.