Okot p'Bitek, msomi aliyejua thamani ya wimbo wa mamake

Wiki iliyopita nilikuwa Eldoret kumtazama mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Moi. Tulikaa mkahawani, baridi imenipata sawasawa, matrela kutoka bandarini kwetu yakipita kuelekea Malaba. Akaniambia anataka kuandika utafiti juu ya nyimbo za vugo alizoimba bibi yake, yaani mama yangu, lakini wenzake wamemcheka. Akaniuliza kama huo nao ni usomi.

Nikamsimulia Okot p'Bitek.

Okot alizaliwa Gulu, Uganda, mwaka 1931. Mamake alikuwa mwimbaji hodari wa Kiacholi. Mwaka 1956 Okot alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya kandanda, akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Darasani aliwasikia walimu wakiwaita Waafrika washenzi, akapinga waziwazi. Na alipoandika tasnifu yake ya 1963, alichagua nini? Nyimbo na masimulizi ya Waacholi na Walango, yale yale ya kwao.

Mwaka 1966 kikatoka kitabu chake, Song of Lawino, ambacho Paul Sozigwa alikifasiri kwa Kiswahili. Lawino ni mke wa kijijini anayemlalamikia mumewe, Ocol, ambaye amesoma hadi akaona haya ngoma za kwao, akamfuata mwanamke wa poda na nywele za kunyooshwa. Mambo ya rangi, ya ndoa na ya wimbo yote yamo. Wapo waliomlaumu kwamba mwanamume amejitwalia sauti ya mwanamke, na hoja hiyo ina uzito. Lakini alikuwa amewasikiliza wanawake kabla ya kushika kalamu.

Hakuishi kwa raha. Aliongoza Kituo cha Taifa cha Utamaduni mjini Kampala, akaikosoa serikali, akapoteza kazi. Kenya ikampokea; akaandaa tamasha la sanaa Kisumu, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1970 Oxford ilimkatalia tasnifu ya udaktari. Hakuvunjika moyo, mwaka uliofuata akachapisha kitabu juu ya dini ya Waluo wa kati, na mwaka 1974 mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi. Alifariki Julai 1982, akiwa amerudi Makerere, na miaka 51 tu.

Mimi nina diploma tu, sina cha kumfundisha mwanachuo. Ila nina majuto. Mama amefariki, Mungu amrehemu, na sikuwahi kurekodi hata wimbo wake mmoja. Simu nilikuwa nayo mfukoni miaka yote hiyo.

Wawili kati ya waliopiga vugo naye wangali hai. Mpwa wangu ameahidi kushuka Mombasa likizo hii. Nawe msomaji, kwenu nani amebaki?