Kutangulia Si Kufika: Maisha ya Nikola Tesla

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Nakiri kwamba nilitumia methali hii kwa kejeli mwalimu alipotusimulia habari za Nikola Tesla. Nilimcheka sana. Leo naja kumwomba radhi.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho sasa kiko nchini Kroatia. Baba yake, kasisi, alitaka mwanawe naye awe kasisi. Kijana akang'ang'ania sayansi, na mwaka 1884 akavuka bahari hadi New York. Huko akapata sifa kwa mitambo ya umeme wa mkondo geu. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa mfumo huo. Hata stima ya bweni letu ni ya mkondo huo huo!

Basi, jamaa hakutosheka. Aliona nyaya ni mzigo. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara mrefu Wardenclyffe, karibu na New York, kwa pesa za tajiri J. P. Morgan. Alinuia kupeleka habari, na hata umeme, kote duniani bila waya. Pesa zikaisha, Morgan akakataa kuongeza, na mkono mtupu haulambwi. Mnara ulibomolewa mwaka 1917. Tesla alifariki tarehe 7 Januari 1943 katika chumba cha hoteli, peke yake, bila mali.

Hapo ndipo nilipocheka. Kumbe sikuwa nimesoma mbele! Ni kweli njia yake ilikuwa na kasoro, kwani nguvu ikitupwa kila upande hutawanyika ovyo. Lakini wazo halikufa. Mwaka 1968 Peter Glaser alipendekeza mitambo ya jua iwekwe angani, kusiko na mawingu, na nguvu yake iletwe duniani kwa mawimbi yaliyoelekezwa mahali pamoja. Mwaka 1975, huko Goldstone, California, zaidi ya kilowati 30 zilitumwa hewani umbali wa kama kilomita moja u nusu. Mwaka 2023 chombo cha chuo cha Caltech kilituma mawimbi kutoka angani, yakanaswa duniani. Yalikuwa hafifu mno, lakini yalifika.

Jamani, mimi likizoni husoma kwa koroboi kwa sababu nguzo za stima hazijafika kwetu. Halafu nikamcheka mtu aliyetaka umeme ufike kusiko na waya! Kutangulia si kufika, naam. Lakini asipotangulia mtu, nani atafika?