Wasifu wa Dkt. Denis Burkitt: Daktari Aliyeuliza Ugonjwa Unaishi Wapi

SEHEMU YA UFAHAMU

Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Kuzaliwa na masomo

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, katika nchi ambayo leo ni Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi, lakini muda wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza ndege. Aliwavisha pete miguuni, akachora ramani kuonesha kila ndege anamiliki eneo gani. Denis alikua akiiona kazi hiyo nyumbani.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto, akapoteza jicho la kulia. Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alifuzu upasuaji. Aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi lilimpokea hivyohivyo, naye akapata kufika Afrika Mashariki. Baada ya vita, mwaka 1946, aliajiriwa Uganda.

Lira na Mulago

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha. Alipowauliza walikotoka, aligundua kwamba wengi walitoka mashariki mwa wilaya na wachache magharibi. Hapo alijifunza swali ambalo lingemtambulisha maisha yake yote: ugonjwa huu unaishi wapi, na kwa nini huko?

Mwaka 1948 alihamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zote mbili za mtoto huyo, ya juu na ya chini, zilikuwa zimevimba kulia na kushoto. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja, nao uvimbe wa kawaida huanza mahali pamoja. Burkitt alimpiga picha, lakini hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipompapasa tumbo alikuta uvimbe huko pia.

Alirudi Mulago akapekua majalada ya watoto waliokufa kwa saratani. Uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa ovari ulikuwa umeandikwa kama magonjwa mbalimbali, lakini mara nyingi ulimpata mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu watoto 38. Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya, kwani Dkt. Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa ameandika habari za wagonjwa kama hao mwanzoni mwa karne. Burkitt alichofanya ni kuziunganisha dalili hizo na kuonesha kuwa ni ugonjwa mmoja.

Upasuaji haukuwafaa watoto hao. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote: waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wengi walikufa ndani ya miezi michache.

Ramani na safari

Burkitt alichapa vipeperushi vyenye picha za wagonjwa, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza kama wameuona ugonjwa huo. Kila jibu alilitia alama kwenye ramani. Alama hizo zilifanya mkanda uliokata katikati ya Afrika, wenye mkia ulioelekea kusini upande wa mashariki.

Ili kujua mkia huo unaishia wapi, tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, pamoja na madaktari Ted Williams na Clifford Nelson. Walisafiri wiki 10, karibu kilomita 16,000, wakapita katika hospitali zaidi ya 50 hadi Afrika Kusini. Tanganyika ilipata uhuru wakiwa bado safarini.

Waligundua kuwa karibu na Ikweta ugonjwa ulikuwa nadra katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini kikomo hicho kilishuka. Sababu ni joto. Ugonjwa ulionekana penye joto na mvua za kutosha, mahali panapofaa kuzaliana kwa mbu.

Mwanafunzi wa Rukwa anaweza kuielewa kanuni hiyo bila kufungua atlasi. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na baridi ya Juni hapa haihitaji maelezo. Anayeteremka kwenda Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, huvua sweta kabla hajamaliza mteremko, kwa kuwa ziwa liko karibu mita 800 tu. Kwa kanuni ya Burkitt, ugonjwa huu hutarajiwa zaidi bondeni na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kuliko Ufipa ya juu, ingawa mkoa ni mmoja.

Virusi, malaria na kinga ya mwili

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyeshuku kuwa chanzo ni virusi. Burkitt akawa anamtumia vipande vya uvimbe kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliichelewesha ndege, na kipande kilifika kikiwa katika maji yenye utusitusi, kana kwamba kimeoza. Epstein alikiangalia kabla ya kukitupa, akakuta seli hai zikielea. Alizikuza, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona virusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Hata hivyo, zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo virusi hivyo bila kupata saratani. Kwa nini basi watoto wa Afrika ya joto? Jibu limo katika seli nyeupe za damu. Virusi hujificha ndani ya limfosaiti B, seli zinazotengeneza kingamwili. Kwa kawaida limfosaiti T huzitambua seli zilizoambukizwa na kuziua. Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huzichochea limfosaiti B zigawanyike kupita kiasi, na wakati huohuo huzidhoofisha limfosaiti T. Katika kugawanyika huko kromosomu huweza kukatika na kuungana vibaya, na seli moja isiyojua kukoma ikazaa uvimbe. Mwaka 1969 Burkitt alitoa hoja kuwa malaria ndiyo inayoshirikiana na virusi hivyo.

Hoja hiyo ilijaribiwa Tanzania. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini. Wagonjwa wa saratani hiyo walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya jaribio, na vimelea vya malaria vikazoea dawa. Jaribio halikutoa uthibitisho kamili.

Tiba na miaka ya mwisho

Burkitt aliacha kutegemea kisu akajaribu dawa za saratani, kama vile methotrekseti na saiklofosfamidi. Baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache, jambo lililowafanya watafiti wafikiri kuwa kinga ya mwili wenyewe ilisaidia kuimalizia kazi ya dawa. Leo watoto wengi hupona, mradi wafikishwe hospitali mapema.

Mwaka 1966 alirudi Uingereza. Huko alijulikana kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi, ingawa si madai yake yote yaliyokubaliwa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Burkitt hakuwa mtaalamu wa virusi wala wa seli. Alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, aliyetazama, akahesabu, akauliza, kisha akawapelekea wengine alichokiona ili wakamilishe kazi.

MASWALI

1. Pendekeza kichwa kingine cha habari kisichozidi maneno matano.
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) kuukuu (b) utusitusi (c) kikomo (d) nadra.
3. Uzoefu wa Lira ulimsaidiaje Burkitt katika kazi yake ya baadaye?
4. Kwa nini si kila mwenye virusi vya Epstein-Barr hupata saratani? Toa hoja mbili.
5. Kwa nini jaribio la Mara Kaskazini halikutoa uthibitisho kamili?
6. Fupisha sehemu ya "Ramani na safari" kwa maneno yasiyozidi 60.