Maisha ya Dakta Williamson wa Mwadui

Wenzangu wanafunzi, na ninyi wazee wetu mliotutangulia shuleni, sisi wa Malukhu tukishuka mpaka Busia huwaona watu wakiosha mchanga kutafuta dhahabu. Wengi wao hawana hati ya kuchimba, na asiye na hati huweza kuondolewa, hata kama yeye ndiye aliyeiona dhahabu kwanza. Kwa hiyo yafaa tujue habari za mtu mmoja aliyeanza maskini kama hao.

John Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Aliingia Chuo Kikuu cha McGill akitaka kusoma sheria, lakini akaipenda elimu ya mawe, akaisoma hata akapata udaktari mwaka 1933. Kisha akaja Afrika, akatafuta madini Rodeshia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na baadaye Tanganyika, katika kampuni ya almasi huko Mabuki. Kampuni ile ilipokata tamaa, yeye hakuondoka. Aliendelea kutafuta peke yake, akashikwa na malaria mara nyingi, na fedha zikamwishia.

Mwezi wa Machi 1940 akaona almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Lakini alijua kuwa jiwe mkononi si mali bado, mpaka mahali lilipotoka paandikwe kwa jina lako. Wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia akapata fungu lake, na mwaka 1942 kampuni ya Williamson ikasimama.

Siku zile vita vilikuwa vikali. Almasi si pambo tu, kwani hukata na kunoa chuma kigumu, na viwanda vya eropleni na mizinga viliihitaji sana. Serikali zikaangalia kwa makini almasi inakwenda kwa nani, isije ikamfikia adui.

Kampuni ya De Beers, iliyoshika karibu biashara yote ya almasi duniani, ilitaka kuununua mgodi. Williamson akakataa. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, yenye karati 54 na nusu, akampa Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake. Akajenga mji mzima Mwadui, wenye nyumba, shule na hospitali. Hakuoa.

Alikufa Januari 1958, naye ana miaka 50 tu. Mwaka huo huo warithi wake wakauuza mgodi: nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika. Neno alilolikataa maisha yake yote likatimia. Tena Wasukuma, wenyeji wa nchi ile, sheria ya wakati huo haikuwapa fungu katika almasi. Fungu lao lilikuwa mshahara wa kazi.

Basi tumsifu Williamson kwa uvumilivu wake, lakini tusisahau wale ambao jina lao halikuandikwa. Kwetu Uganda, Sheria ya Madini ya mwaka 2022 imemwekea mchimbaji mdogo hati yake. Lakini hati haimfuati mtu shimoni, sharti aiombe, naye asiyejua kusoma ataiombaje? Kwa hiyo, mwenye ndugu Busia, siku za likizo akamsaidie kuisoma na kuijaza karatasi ile, kabla mgeni hajamtangulia.