George wa Sita: Mfalme aliyeangushwa na donge la damu

NDEGE iliyombeba Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza ilitua katika uwanja wa Eastleigh, Nairobi, mnamo Februari 1, 1952. Enzi hizo, uwanja huo ndio uliokuwa lango la wageni walioingia Nairobi kwa njia ya anga. Ziara hiyo ilikuwa imepangiwa babake, Mfalme George wa Sita, lakini afya yake haikumruhusu kusafiri.

Mfalme huyo alizaliwa Desemba 14, 1895, akapewa jina Albert. Kwa kuwa alikuwa mwana wa pili, na tena mwenye kigugumizi, hakutarajiwa kuketi katika kiti cha enzi. Akiwa mwanamaji alipigana katika vita vya Jutland mwaka 1916. Kenya haikuwa ngeni kwake, kwani alifika Mombasa Desemba 1924 akiandamana na mkewe.

Desemba 1936, kakake, Edward wa Nane, aliliacha taji na mzigo ukamwangukia yeye. Aliliongoza taifa lake katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, huku akivuta sigara kwa wingi.

Mwishoni mwa 1948, madaktari waligundua kwamba mishipa ya damu ya miguu yake imeziba, wakahofia kuwa mguu wa kulia ungekatwa. Alipasuliwa Machi 1949 ili damu ipite vyema. Septemba 23, 1951, daktari Clement Price Thomas aliliondoa pafu lake la kushoto, lililokuwa na saratani. Umma haukuambiwa jina la ugonjwa huo, na inaaminika kwamba hata mgonjwa mwenyewe alifichwa.

Januari 31, 1952, alisimama katika uwanja wa ndege wa London kumuaga bintiye. Alfajiri ya Februari 6 alifariki usingizini, akiwa na umri wa miaka 56. Ilitangazwa kwamba donge la damu liliziba mshipa wa moyo wake. Elizabeth akawa malkia akiwa katika eneo la Nyeri. Hospitali kuu ya Nairobi iliyopewa jina la marehemu ndiyo iliyokuja kuitwa Kenyatta baada ya uhuru.

Tumbaku ilimdhuru kwa njia mbili: iliharibu pafu, ikaharibu pia mishipa ya damu. Wakati huo tiba ya kuzuia damu kuganda ilikuwa changa. Heparini ilikuwa ikidungwa kwa sindano, lakini vidonge vya warfarini vilianza kutumiwa na binadamu mwaka 1954, miaka miwili baada ya kifo chake.

Leo inafahamika kwamba wenye magonjwa sugu ya mapafu wamo katika hatari kubwa zaidi ya damu kuganda, hasa wanapolazwa hospitalini. Donge linaweza kuanzia mguuni na kusafiri hadi pafuni, na mgonjwa akadhani ni pumzi yake ya kawaida inayomsumbua. Mguu mmoja kuvimba, kifua kuuma ghafla au kukohoa damu ni ishara za kukimbilia hospitali. Hata hivyo, dawa hizo huweza kusababisha kuvuja damu, na ndiyo maana hazimezwi bila ushauri wa daktari.