Zack Clayton: Mchezaji wa Ligi ya Wikiendi Aliyemhesabia Foreman

Ndugu zangu wa shule moja, hapana shaka kila mmoja wetu aliyekuwa na fahamu zake mwaka 1974 anaikumbuka tarehe 30 Oktoba. Siku hiyo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa katika raundi ya 8, akautwaa tena ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Pambano lilianza kiasi cha saa 10 alfajiri kwa saa za kule, na kwetu Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa 12 asubuhi. Ukiwauliza watu habari za Ali, watakusimulia mpaka kuche. Ukiwauliza habari za Foreman, watakusimulia kiasi. Lakini uliza ni nani aliyesimama katikati ya majabari wale wawili na kuhesabu mpaka kumi. Hapo wengi watanyamaza.

Jina lake ni Zack Clayton. Katika toleo hili nimeona nieleze maisha yake, wala si kwa sababu ya ndondi. Bwana huyu alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, tena miongoni mwa walioshiriki msimu wa kwanza wa ligi ndogo iliyopanua mchezo huo Marekani. Sisi tulioanzia kwenye uwanja wa udongo, na baadaye tukahangaika na ligi za mikoa, tuna la kujifunza kwake.

Clayton alizaliwa jimbo la Virginia, akakulia Philadelphia. Enzi za ujana wake Mmarekani mweusi alikuwa na milango michache ya kupitia, na michezo ilikuwa mmojawapo, ingawa nao ulikuwa umeegeshwa tu. Majira ya joto alicheza besiboli katika ligi za watu weusi, akazichezea Chicago American Giants na New York Black Yankees. Majira ya baridi alicheza mpira wa kikapu, na huko ndiko alikong'ara.

Mwaka 1939 alikuwa mmoja wa wachezaji wa New York Renaissance, ambao watu waliwaita Rens kwa kifupi. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1923 na Bob Douglas, mzaliwa wa kisiwa cha St. Kitts, nayo ilikuwa ya watu weusi watupu, mmiliki na wachezaji pia. Ilizunguka nchi kwa basi ikicheza karibu kila siku, na mara nyingi hoteli za mji ule ule waliowachezea hazikuwapokea kulala. Machi mwaka huo, mjini Chicago, yalifanyika mashindano ya ubingwa wa dunia ya timu za kulipwa, nyeupe na nyeusi pamoja. Katika fainali Rens waliwafunga Oshkosh All-Stars pointi 34 kwa 25. Msimu ule walishinda mechi 112 na kupoteza 7 tu.

Mwaka 1943 Clayton alikuwa na timu nyingine ya weusi, Washington Bears, nayo ikauchukua ubingwa ule ule, tena kwa kuwafunga Oshkosh wale wale, 43 kwa 31. Aliichezea pia Harlem Globetrotters. Basi mtu huyu alikuwa bingwa wa dunia mara mbili, na bado hakukuwa na ligi kubwa ya kudumu yenye nafasi ya uhakika kwa mtu wa rangi yake.

Sasa tuje kwenye ligi yenyewe. Tarehe 23 Aprili 1946 iliundwa Eastern Pennsylvania Basketball League, kwa timu 6: Wilkes-Barre, Hazleton, Allentown, Lancaster na Reading za Pennsylvania, pamoja na Binghamton ya jimbo la jirani la New York. Siku 44 baadaye, tarehe 6 Juni, ndipo matajiri wenye kumbi kubwa za mijini walipounda ligi yao, ambayo mwaka 1949 ilipata jina la NBA. Kwa hiyo ile ndogo ndiyo kaka mkubwa.

Ligi hiyo ilikuwa ya watu wa kazi. Wilkes-Barre na Hazleton ni miji iliyojengwa na machimbo ya makaa ya mawe, yenye wahamiaji wengi kutoka Italia, Poland na nchi nyingine za Ulaya. Mechi zilichezwa zaidi Jumamosi na Jumapili. Siku za juma mchezaji alikuwa na ajira yake nyingine, na ikifika wikiendi alifunga safari kwa gari, barabara zikiwa na theluji, akacheza, akapokea malipo ya mechi hiyo, akarudi kuwahi kazini Jumatatu. Hakuwa mchezaji wa ridhaa, kwa maana alilipwa. Wala malipo yale hayakutosha kumlea mtu na familia yake.

Katika msimu wa kwanza kabisa, wa 1946 hadi 1947, timu ya Hazleton Mountaineers iliandikisha Wamarekani weusi watatu: Bill Brown, John Isaacs na Zack Clayton. Isaacs alikuwa mwenzake Clayton tangu Rens ya 1939. Hebu tufikiri maana yake. Ligi ile ya matajiri ilicheza misimu yake minne ya mwanzo bila Mmarekani mweusi hata mmoja, mpaka mwaka 1950 walipoingia Chuck Cooper, Nat Clifton na Earl Lloyd. Mji mdogo wa wachimba makaa uliwatangulia kwa miaka minne.

Ninavyoona mimi, mji ule haukuwa na watu wema kuliko New York au Boston. Timu ndogo huishi kwa viingilio vya mlangoni, na mwenye timu ndogo hana nafasi ya kumwacha nje mchezaji hodari eti kwa sababu ya ngozi yake. Shida iliwafundisha haki kabla ya sheria. Na mwenyeji wa Hazleton aliyekwisha kumshangilia Clayton Jumamosi, Jumatatu hakuweza tena kusema kwamba weusi na weupe hawawezi kucheza timu moja.

Mlango ule haukufungwa tena. Msimu wa 1955 hadi 1956 timu ya Hazleton, wakati huo ikiitwa Hawks, iliingia uwanjani na weusi watano wa kuanza: Jesse Arnelle, Tom Hemans, Fletcher Johnson, Sherman White na Floyd Lane. Wawili wa mwisho walikuwa wamefungiwa milango ya NBA kwa ajili ya kashfa ya kuuza mechi za vyuo iliyofichuliwa mwaka 1951, na ligi ndogo iliwapa nafasi ya kuendelea kucheza. Tukumbuke kuwa wakati huo NBA ilikuwa na timu 8, yaani nafasi kama 80 hivi kwa taifa zima. Waliobaki nje, wazuri kupindukia, walikwenda kwenye ligi ya wikiendi.

Ligi hiyo iliendelea kujaribu mambo. Miaka ya 1960 ilianza kutoa pointi 3 kwa mtupo wa mbali, miaka mingi kabla ya NBA. Mwaka 1978 ilijiita Continental Basketball Association, ikaenea mbali na Pennsylvania, ikawa chuo cha wachezaji, waamuzi na makocha. Phil Jackson alitwaa ubingwa humo mwaka 1984 akiwa na Albany Patroons, kabla hajashinda ubingwa wa NBA mara 11 kama kocha. Ligi yenyewe ilikufa mwaka 2009 kwa kukosa fedha.

Clayton naye alikuwa ameshageukia ndondi. Tarehe 5 Juni 1952, mjini Philadelphia, alichezesha pambano la Jersey Joe Walcott na Ezzard Charles, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mwamuzi wa pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Miaka 22 baadaye akaja Kinshasa. Mimi niliyepuliza filimbi miaka mingi katika mechi za mkoa naijua kazi ile: ukifanya vizuri hakuna akutajaye, ukikosea hata nusu nukta utatajwa maisha. Ali alijiegemeza kwenye kamba raundi baada ya raundi, Foreman akimtwanga, na Clayton aliliacha pambano liendelee. Foreman alipoanguka, alihesabu. Upande wa Foreman ulilalamika kwamba hesabu ilikwenda mbio, lakini matokeo yalibaki yale yale.

Zack Clayton alifariki Novemba 1997. Jina lake liliingizwa katika Jumba la Umaarufu la mpira wa kikapu, Springfield, mwaka 2017, yaani miaka 20 baada ya kuzikwa. Rafiki yake Isaacs alitangulia kuingizwa mwaka 2015, naye akiwa marehemu.

Ndugu zangu, wapo baina yetu wanaosema kuichangia ligi ya mkoa ni kutupa fedha, kwa kuwa haijapata kutoa bingwa wa kutajika. Nawajibu kwa habari hizi. Ligi ndogo yaweza kufanya jambo ambalo kubwa inaliogopa. Ila ina adui mmoja mkubwa, nao ni usahaulifu. Kwa hiyo ninaomba mambo mawili: kila mwenye uwezo achangie nauli za vijana, na kila mwenye karatasi za zamani za matokeo, hata kama zimeliwa na mchwa nusu yake, amkabidhi katibu wa chama chetu. Majina yaliyomo humo nayo yana wenyewe.