Mbaraka Mwinshehe, mwenye wimbo wa Shida

Wimbo wa Shida ukipigwa redioni, wanaoupenda si wazee peke yao. Vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya mwimbaji wake kufa huuomba pia, na wengine hudhani bado yuko hai. Tumeona vyema tueleze kwa kifupi alikuwa nani.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944 huko Mzenga, Kisarawe, mkoani Pwani. Jina alilipata Morogoro. Mji huo mdogo ulikuwa na bendi mbili zilizotikisa nchi, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, na katikati ya miaka ya 1960 Mbaraka aliingia hiyo ya pili. Alitunga, akaimba, na akapiga gita la solo mpaka watu wakamwita Soloist National. Kuwa na vipaji vyote vitatu kwa mtu mmoja si jambo la kawaida. Mkisikiliza vizuri mtagundua kwamba akinyamaza mdomo, gita ndilo linaloendelea na mazungumzo.

Miaka ile muziki ulikuwa jambo la serikali pia. Novemba 1969, uongozi wa Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku dansi la soul kutoka Marekani katika kumbi za Dar es Salaam, kwa hoja kwamba linaharibu vijana. Mwaka uliofuata Morogoro Jazz ikapelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya Expo 70. Kwa hiyo ngoma ya wageni ilifungiwa mlango, na kijana wa Mzenga akavuka bahari kuipigia nchi yake gita. Aliimba mambo ya wakulima na viongozi vilevile: Dk. Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa kwa risasi Desemba 1971, Mbaraka alitoa wimbo wa kumwomboleza.

Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Shida ni ya kipindi hiki.

Sasa lipo jambo ambalo sisi wa Tarime na Serengeti tunalielewa haraka kuliko watu wa mikoa ya ndani. Radio Tanzania ilirekodi bendi nyingi, lakini kanda zake zilibaki kwenye maktaba yake. Hukuweza kwenda dukani ukanunua. Santuri, zile sahani ndogo za nyimbo mbili, ambazo wimbo mrefu ulikatwa nusu ukaendelea upande wa pili, zilitengenezwa Nairobi. Mwanamuziki wa Tanzania aliyetaka sauti yake iuzwe alilazimika kuitegemea Kenya. Kisha Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka. Hapa kwetu maana yake ilikuwa Sirari na Isebania kutengana, na Wakurya wa ukoo mmoja kujikuta pande mbili za mlango uliofungwa. Ila mawimbi ya redio hayasimami kizuizini. Mwenye redio ya betri aliweza kuzungusha kitufe kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi.

Mbaraka hakuacha kupiga muziki Kenya, na ndiko alikofia. Januari 1979, akiwa Mombasa, alipata ajali ya gari akafariki. Alikuwa na miaka 34. Tukihesabu kutoka siku alipoingia Morogoro Jazz, kazi yake yote haikufika miaka kumi na tano, na ya bendi aliyoimiliki mwenyewe ni kama mitano tu. Ndiyo maana tunaposikia watu wakisema alikuwa mzee wa zamani tunashangaa kidogo. Alikufa akiwa na umri wa bodaboda wengi wa Mugumu leo.

Baada ya kifo chake, kampuni ya Polygram ya Nairobi ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa kwa mfululizo ulioitwa Ukumbusho, na hizo ndizo zinazozunguka kwenye simu zenu mpaka leo, Shida ikiwa mbele. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Watu wa Sirari walipoanza kuvuka bila kujificha, Mbaraka alikuwa na karibu miaka mitano kaburini.